Mchawi Anayedaiwa Kodi

Maswali mawili yaliyoniganda kuhusu Harry Dresden hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mama.

Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, simu usoni, nacheka peke yangu kama punguani. Mama alikuwa upande wa pili anakunja nguo. Akataka kujua ninachosoma. Nikamwambia ni visa vya mpelelezi mmoja wa Chicago, mchawi.

Mikono ikasimama. "Mchawi?"

"Mchawi mzuri, mama."

"Hakuna mchawi mzuri, mwanangu. Angekuwa mzuri asingeitwa mchawi."

Akaendelea kukunja, na mimi nikajitia kumtetea mtu wa kwenye kitabu. Nikamweleza kwamba ana ofisi yenye jina lake mlangoni, ametangaza kazi zake kwenye kitabu cha simu, watu wanampigia wakipotelewa na vitu, na polisi wanamwita wakikuta maiti ambayo hakuna daktari anayeweza kuieleza. Na kwamba kila mwezi anahangaika kutafuta kodi ya chumba.

Hapo ndipo aliponitazama sawasawa. "Ana uchawi, halafu anadaiwa kodi? Huo uchawi wake wa nini sasa?"

Sikuwa na jibu. Wakati ule nilikuwa kitabu cha tatu. Tangu hapo nimesoma vitabu 17, vingine mara mbili, na kadiri ninavyosonga mbele naona mama alishika ncha mbili za uzi kabla hata hajaufungua ukurasa wa kwanza: mtu huyu aitwe nani, na kwa nini hana hela.

Kwa asiyemjua: Harry Dresden ndiye anayesimulia mfululizo wa Jim Butcher, The Dresden Files, ulioanza na Storm Front mwezi Aprili 2000. Jina lake kamili ni Harry Blackstone Copperfield Dresden. Baba yake alikuwa mwana mazingaombwe wa jukwaani, akamrundikia mtoto majina ya magwiji wa kazi hiyo. Kitabu kile cha kwanza chenyewe kilizaliwa kwa ubishi. Butcher alikuwa anasomea uandishi Chuo Kikuu cha Oklahoma, mwalimu wake akiwa mwandishi Deborah Chester, naye alikuwa amechoshwa na maelekezo ya mwalimu: panga tukio hivi, mjenge mhusika hivi, malizia sura hivi. Akaamua kufuata kila alichoambiwa, neno kwa neno, ili mama wa watu aone kwa macho yake takataka itakayotoka. Kilichotoka ndicho kimemlisha hadi leo. Nimewahi kubishana na walimu wangu pia, ila ubishi wangu haukunilipa kitu.

Turudi kwenye jina. Kiingereza kina neno la mzee mwenye ndevu na fimbo, lenye heshima zake, na kina neno lingine la anayeroga watu. Kiswahili hakikupoteza muda na heshima hizo. Mchawi ni mtu wa usiku, mwenye husuda, anayeua bila kushika kisu. Ukiandika "mpelelezi mchawi" msomaji anashtuka kama mama alivyoshtuka, maana umemwambia kwamba mwizi ndiye mlinzi wa duka.

Lakini itazame kazi anayoifanya huyu bwana. Anatafuta vilivyopotea kwa kushika unywele au kitu cha mwenyewe na kufuata unakomvuta. Hiyo si kupiga ramli? Anaizungushia nyumba kinga ili kiumbe mbaya akigusa mlango aungue. Huko ni kuzindika. Shingoni ana kidani cha nyota ya pembe tano alichoachiwa na mama yake, mkononi ana bangili ya ngao ndogondogo inayozuia risasi. Hirizi hizo, tena mbili. Anaita viumbe wasioonekana, anawafungia ndani ya duara la chaki, anawapa chakula wanachokitaka ndipo wanasema. Katika kitabu cha kwanza ni mkate, maziwa na asali, na baadaye akagundua kwamba wale wadogo warukao wanajiuza kwa piza. Wasomaji wenzangu wanaosoma Kiingereza inabidi wajifunze msamiati mpya kila sura. Mimi nilikuta kila kifaa chake kina jina tayari kinywani mwangu. Ni mganga. Mganga mwenye ofisi, koti refu la ngozi na mdomo mchafu. (Kofia anayovalishwa kwenye majalada msiiamini. Ndani ya vitabu havai kofia, na mashabiki hawachoki kulicheka jambo hilo.)

Nilimpelekea mama ugunduzi huo kwa furaha. Akasema, "Mganga sawa," akaniacha.

Kisha nikaendelea kusoma, na neno la kwanza likarudi kwa mlango wa nyuma. Anayetaka kuanza upya bila kuharibiwa utamu aruke aya mbili zinazofuata.

Wachawi wa dunia ile wana serikali yao, Baraza Jeupe, na Baraza lina sheria saba. Ya kwanza: usiue binadamu kwa uchawi. Adhabu ni kukatwa kichwa, na aliyetumwa kukikata huwa hasikilizi maelezo marefu. Harry akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi alimuua kwa moto wa kichawi mlezi wake, Justin DuMorne, aliyekuwa anataka kumfanya mtumwa wa akili. Alijitetea. Baraza likagawanyika, likamwacha hai kwa sharti kwamba akikosea tena, upanga. Ndiyo maana Storm Front inakaza namna ile: watu wawili wanakutwa hotelini mioyo imewapasuka vifuani, polisi wanamhitaji awaambie uchawi gani unaweza kufanya hivyo, na huku askari wa Baraza, Morgan, anamfuata kila kona akiamini muuaji ni yeye. Mpelelezi ni mshukiwa. Na akianza tu kutafuta namna uchawi ule ulivyofanyika, anakuwa amejitafutia ushahidi wa kujinyonga. Wenzake, watu wa kazi moja naye, wanamwita mchawi kwa maana ileile ya mama.

Na baada ya kesi ile walimkabidhi kwa nani? Kwa mzee wa shamba aitwaye Ebenezar McCoy, mpole, mwenye suruali za kazi, aliyemfundisha kwamba uchawi unatoka kwenye uhai na haufai kuharibia uhai. Miaka mingi baadaye Harry anakuja kujua kwamba mzee yule ndiye mtu pekee ambaye Baraza limempa ruhusa ya kimyakimya kuvunja sheria zote saba, kuua kukiwemo. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea, na sikudhani nitakuja kuikuta methali hiyo imefanyiwa kazi na Butcher, mtu wa Missouri ambaye, nina hakika, hajawahi kuisikia. Halafu Butcher anaizungusha tena: Harry naye anakuja kupewa binti wa rafiki yake, aliyevunja sheria kwa kuingilia akili za watu akidhani anawaokoa. Akikosea binti, vichwa vinaanguka viwili.

Sasa kodi.

Jibu la kwanza ni la kiufundi. Uchawi wa Harry na umeme haviivi chungu kimoja. Akikaribia kompyuta, inakufa. Balbu zinapasuka, simu zinakoroma, lifti zinakwama naye ndani. Gari lake ni Volkswagen kuukuu kwa sababu gari lenye vifaa vya kisasa lisingemaliza wiki, na limebandikwa vipande vya rangi mbalimbali hadi jina lake, Mende wa Bluu, limebaki la heshima tu. Chumba chake kipo nusu chini ya ardhi, anapasha moto kwa kuni, anasoma kwa mishumaa, anaoga maji ya baridi, na vyakula anavihifadhi kwenye sanduku la barafu. Hospitalini anaogopa kusogelea wagonjwa waliounganishwa na mashine. Mahali fulani anaeleza kwamba athari hii hubadilika na zama, kwamba zamani mchawi akipita maziwa yalichacha. Napenda sana hapo. Mwandishi angeweza kuishia kwenye mzaha wa kompyuta, lakini alijiuliza wachawi walikuwa wanaharibu nini kabla ya kompyuta.

Ni ujanja mkubwa kuliko unavyoonekana. Chukua mpelelezi wa leo umnyang'anye intaneti, simu ya mkononi, kamera za barabarani, kumbukumbu za benki. Anabaki na nini? Miguu, na watu wa kuwauliza maswali. Yaani uchawi wake, badala ya kumrahisishia kazi, umemrudisha kwa wale wapelelezi wa zamani wa Marekani waliokuwa wanagonga milango na kupigwa ngumi gizani. Nilikuwa nadhani kuweka uchawi ndani ya hadithi ya upelelezi ni kuiua, kwa sababu nini kitamzuia mhusika asipige bao akaona muuaji? Kumbe inategemea uchawi wenyewe unadai nini.

Chukua macho. Mchawi akitazamana na mtu ana kwa ana kwa zaidi ya nukta chache, kila mmoja anaona roho ya mwenzake ilivyo, na picha hiyo haifutiki maisha yote. Hutokea mara moja tu kati ya watu wawili. Kwa mpelelezi ingekuwa zawadi: mtazame mshukiwa, kesi kwisha. Lakini na yeye anatazamwa, na alichokiona hawezi kukisahau hata kiwe kibaya vipi, na mahakamani hakimsaidii kitu. Kwa hiyo mtu ambaye kazi yake ni kuwasoma watu anapita mjini anatazama pua zao.

Au chukua wale viumbe wa dunia ya pili, wenye malkia wa Kiangazi na wa Baridi. Nikiwasimulia wengine nasema majini, ingawa hayafanani kabisa. Hawawezi kusema uongo. Shahidi asiyeweza kudanganya! Katika Summer Knight ya mwaka 2002, Malkia Mab wa Baridi anaingia ofisini mwa Harry kama mteja wa kawaida, mavazi ya heshima, na kumwambia kwamba deni alilokuwa anadaiwa na mama yake wa ubatizo, ambaye pia ni wa jamii hiyo, limeshauzwa. Mdai sasa ni yeye. Amsaidie mara tatu, watakuwa wamemalizana, na msaada wa kwanza ni uchunguzi wa mauaji. Kitabu kizima Harry anahoji viumbe ambao kila neno lao ni kweli na hakuna hata mmoja anayemjibu alichouliza. Nilianza kusoma mahojiano yale polepole, sentensi moja moja, kama mtu anayesoma mkataba wa mkopo.

Na kizingiti. Nyumba inayokaliwa na watu wanaopendana huota uzio usioonekana mlangoni, na kiumbe akiingia bila kukaribishwa anaacha nguvu zake nje. Wapo wasioweza kuingia kabisa. Harry mwenyewe, akivuka mlango wa mtu bila ruhusa, anakuwa mtu mrefu mwenye fimbo, basi. Hoteli haina kizingiti. Chumba cha kapera kina hafifu, na chake ni cha kapera. Aliyekulia kwenye lugha yenye hodi haelezwi jambo hili mara mbili. Zipo kurasa ambapo mtu anasimama mlangoni na Harry anakataa kutamka ile kauli ya kumkaribisha. Anageuka tu, anaacha mlango wazi, aone kama mgeni ataweza kuingia.

Jibu la pili la kodi ni refu zaidi, na sikuliona hadi vitabu vilipokuwa vingi. Tangazo lake linasema hatengenezi dawa za mapenzi wala mikoba isiyoisha pesa. Yaani vile viwili ambavyo watu wangevilipia amevikataa kwa maandishi. Anachobaki nacho ni wateja wenye shida za kweli, na wenye shida za kweli mara nyingi hawana kitu. Mganga hajigangi, tunasema, na huyu hawezi kujiganga hata mfuko. Ana roho ya maarifa iitwayo Bob, inayokaa ndani ya fuvu kwenye maabara yake na inayojua karibu kila kitu kuhusu uchawi, na mshahara wa Bob ni riwaya za mapenzi za bei rahisi. Hata huo humlipa kwa kuchelewa.

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani nimerogwa. Vitabu viwili vya kwanza ni vyepesi. Cha pili, Fool Moon, kina binadamu wanaogeuka mbwa mwitu wa aina nne, na nadhani mbili zingetosha. Harry akikutana na mwanamke, msomaji anapewa kwanza hesabu ya maungo, kisha jina. Anajiita mtu wa zama za kale kwenye mambo ya wanawake, anakiri kwamba ni udhaifu, na anaendelea vilevile, kana kwamba kukiri ni kulipa. Na kuna tabia yake ya kumficha mambo Karrin Murphy, afisa wa polisi anayemwajiri, eti kumlinda. Katika kitabu hichohicho cha pili Murphy anampiga na kumtia pingu. Nilikuwa upande wa Murphy. Kipindi cha televisheni cha mwaka 2007 kilikufa baada ya sehemu 12, na sina la kuongeza.

Vitabu vya kusikiliza ni jambo jingine. Msomaji wake ni mwigizaji James Marsters, na anamsoma Harry akiwa amechoka: unasikia pumzi kabla ya sentensi, kama mtu aliyepandisha ngazi na bado ghorofa mbili. Nimepiga pasi nguo za mwezi mzima kwa sauti ile.

Nikiulizwa kipande kimoja, natoa Dead Beat ya mwaka 2005. Mji umevamiwa na watu wanaofufua maiti. Jambo hilo sheria za Baraza zinalikataza, kumfufua mtu ni kichwa chini. Lakini sheria inasema mtu. Na kanuni ya ufundi wenyewe inasema kwamba maiti ikiwa kongwe, nguvu zake huwa kubwa. Chicago kuna maiti kongwe sana. Anaitwa Sue, ni dinosaria wa aina ya Tyrannosaurus rex wa miaka milioni 67 hivi, na yupo kweli: mifupa yake ilionekana South Dakota mwaka 1990 na Sue Hendrickson, ikauzwa kwa mnada mwaka 1997 kwa karibu dola milioni 8.4, na Field Museum ikaizindua Mei 2000, mwezi mmoja baada ya Harry naye kuzinduliwa.

Mnaona inakoelekea. Harry anampanda. Nyuma yake ameketi daktari wa mochwari, Butters, mtu mdogo mwoga anayependa muziki wa polka, amejifunga ngoma kubwa mgongoni, kwa sababu aliyefufuka huhitaji mapigo badala ya moyo, na ngoma ikikatika tu mnyama hashikiki tena. Mtu mwoga kuliko wote mjini ndiye mapigo ya moyo ya dinosaria. Ni upuuzi, na nilikuwa nimekaa wima kitandani. Kilichonifurahisha zaidi ya meno ni kwamba njia ya kufikia pale ilikuwa ya wakili: alisoma kifungu, akatafuta tundu. Nilikwenda hata kusoma habari za mifupa yenyewe, nikakuta kwamba fuvu halisi la Sue, lenye uzito wa kilo 270 hivi, huwekwa kwenye kabati lake peke yake kwa kuwa ni zito mno kwa kiunzi. Lililo shingoni ni la kuigiza. Kwa hiyo najiuliza hadi leo mnyama yule aling'ata kwa kichwa kipi.

Wakati nasoma haya nilimkumbuka Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, maiti inakutwa mahali pa mizimu, watu wanatetemeka, na Bwana Msa na kiko chake anaonyesha taratibu kwamba mkono uliofanya kazi ile ulikuwa wa binadamu. Chicago ya Harry ni kinyume chake hasa. Mzimu ni mzimu kweli, na ni polisi wanaokaa usiku wakitunga maelezo ya kibinadamu ili taarifa iweze kusainiwa. Nimewapenda wote wawili na sioni ugomvi. Mmoja anakataa kuogopa kisichokuwepo, mwingine anaogopa kilichopo na anakwenda hivyohivyo.

Baada ya Skin Game ya mwaka 2014 wasomaji walisubiri miaka sita, kisha vikaja viwili ndani ya mwaka mmoja, Julai na Septemba 2020. Mimi nilichelewa kuanza, kwa hiyo sikuonja kiu hiyo. Nilichoonja ni Changes, cha mwaka 2010, nilichokimaliza kwa usiku mmoja. Ofisi yake inalipuliwa. Mende wa Bluu anapondwapondwa. Kisha wanatupiwa moto nyumbani, naye anahangaika kuwatoa wapangaji wazee wa juu pamoja na bibi kizee mwenye nyumba, yule asiyesikia vizuri, ambaye ndiye anayemdai kila mwezi. Anaanguka kutoka kwenye ngazi, mgongo unavunjika. Na pale chini, asiyeweza kuinua mguu, mtu aliyekuwa akimkwepa Malkia Mab kwa miaka anaanza kuhesabu amebakiwa na nani wa kumkopa.

Asubuhi nilikuwa na macho mekundu. Mama akanitazama.

"Bado huyo mganga wako?"

"Bado, mama."

"Kodi kashalipa?"

"Nyumba imeungua."

Alifikiri kidogo. "Basi hadaiwi," akasema.

"Anadaiwa na mwingine sasa," nikamwambia.

Akavuta kiti. "Nani?"